Shangi, Unica ama kuchagua mbegu shambani: nini kinasaidia kwa virusi?

MkulimaOlKalou: Wadau nisaidieni. Waru yangu ya aina ya Shangi nilianza na mbegu ya kununua ikazaa poa, lakini nikirudisha yangu mwenyewe majani ya chini yanajikunja kwenda juu na yanakakamaa na waru ni ndogo. Mmoja ananiambia nihamie aina ingine, Unica, mwingine anasema nipige tu dawa ya vidukari.

WaruMolo: Hio yako inaonekana ni virusi ya kukunja majani. Hapo dawa inasaidia kiasi juu kidukari anahitaji masaa ndio aibebe na aambukize. Virusi ingine ya waru, virusi Y, ndio ngumu, kidukari anaonja jani moja anaruka lingine na kwa sekunde tu ashaiacha, hata akikufa baadaye kazi imeisha. Ndio maana watafiti wanatafuta jeni za kukinga mmea.

BintiWaMbegu: Na jeni zipo! Za kukinga virusi Y zinaitwa Ry: moja ilitoka kwa viazi pori vya Mexico, nyingine kwa viazi vya kienyeji vya Andes, mmea ukiwa nayo virusi Y haizaani ndani. Shida ni kiazi kina seti nne za kromosomu, ukichavusha aina mbili kila mche unatoka tofauti na ndugu yake, so kupata mmoja wenye jeni, unaozaa, unaokaangika na usiooza stoo ni kuchuja maelfu ya miche kwa miaka mingi, ingawa siku hizi DNA inapimwa mche ukiwa mdogo. Lakini Ry haizuii kukunja majani, ile ukinzani wake mara nyingi ni jeni nyingi kidogo kidogo. Unica ilitoka kwa kundi la CIP (Kituo cha Kimataifa cha Viazi) la viazi vya joto vinavyohimili virusi, kwa hivyo mimi ningeijaribu.

KinangopSoko: Ukweli ni wanunuzi wanataka Shangi, inaiva haraka jikoni na inachipua mapema unapanda tena. Unica ganda ni jekundu, uliza dalali wako kwanza.

WaruMolo: Basi gawa shamba. Kwa Shangi weka vijiti kwa mimea yenye afya ikianza kutoa maua, rudi uikague kabla haijakauka, chimba hizo pekee uweke mbegu. Majaribio na wakulima hapa Kenya yalionyesha mavuno yakipanda karibu theluthi.

MkulimaOlKalou: Sawa, nusu Unica. Na hizi waru zimejiotea kwa shamba la msimu uliopita?

BintiWaMbegu: Ng'oa zote kabla hujapanda, virusi inakaa humo ikingoja vidukari.