Familia Yetu: Kwa nini ustawi wa jamii?

Mjomba: Kitindamimba, nasikia umeshajaza fomu ya chuo. Ustawi wa jamii? Kwa alama zile ungesoma hata sheria, mpwa wangu.

Kitindamimba: Shikamoo mjomba. Nimejaza, tena ndilo chaguo langu la kwanza.

Mjomba: Marahaba. Ni huruma tu, au kuna jambo?

Kitindamimba: Lipo. Mnakumbuka mama alipolazwa miezi ile, ikasemwa watoto tugawanywe, kila mmoja na nyumba yake?

Shangazi: Mimi ndiye niliyesema. Niliona natenda wema.

Kitindamimba: Najua shangazi, wala sina kinyongo. Yule afisa wa ustawi wa jamii alipomaliza na watu wazima alinifuata nyuma ya nyumba nilikojificha, akaketi chini kando yangu. Nilikuwa na miaka 9. Akaniuliza, "Wewe unataka nini?" Nikasema nataka kulala chumba kimoja na dada. Akaandika, akanisomea, akauliza kama amekosea. Nikamwambia si chumba, ni kitanda kimoja. Akakata, akaandika upya.

Dada: Na hatukutenganishwa. Ulikuwa unanishika nguo usingizini.

Mama: Hili la kitanda ndiyo kwanza nalisikia 😢

Mjomba: Pole dada. Lakini kazi yenyewe inachosha roho. Leo mtoto kapigwa, kesho mzee katelekezwa. Utayabeba yote hayo?

Kitindamimba: Ndiyo maana inasomewa, mjomba. Unafanya mazoezi chini ya msimamizi, kila shauri mnalijadili, hubaki nalo peke yako. Na huruma peke yake inaweza kukufanya uwaamulie watu. Nimesoma habari za Jane Addams na Ellen Gates Starr. Mwaka 1889 wanawake hao wawili walihamia mtaa wa wahamiaji maskini Chicago, Marekani, wakafungua Hull House, nyumba ya kuwahudumia watu wa mtaa, wakaishi humo kama majirani. Ukikaa na watu ndipo unajua wanachokosa. Akina mama wa pale walikwenda viwandani na watoto hawana pa kuachwa, basi Addams na Starr wakaanzisha mahali pa kuwalea watoto hao.

Mjomba: Sawa. Hapo nimekuelewa. Barua ya mdhamini nitasaini mimi.

Kitindamimba: Asante sana mjomba 🙏

Shangazi: Siku ile mimi hakuna aliyeniuliza naogopa nini.

Kitindamimba: Nakuuliza mimi, shangazi. Ulikuwa unaogopa nini?

Shangazi: Kwamba wifi hatarudi, nami peke yangu sitawaweza nyote watatu. Ngoja nikupigie.