Draiva mpya kila Januari: ninunue, nichukue mtumba, au nibaki na yangu?

MzeeWaBunju (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mcheza gofu wa kawaida kabisa, handikapu 19 (yaani kama mapigo 19 juu ya kiwango cha uwanja), Jumamosi uwanja wa Lugalo hapa Dar na mara mojamoja Gymkhana nikialikwa. Draiva yangu, ile fimbo ya kupigia mbali, ni Ping G400 Max ya 2018, niliichukua ikiwa imeshatumika. Tatizo ni kwamba kila mwaka ukianza kuna mtu anatokea kwenye tii ya kwanza (pale pa kuanzia mchezo) na kichwa kipya cha draiva kinachong'aa, na mimi usiku huo silali.

Mwaka huu nimetenga hela, kama dola 600, bila kuhesabu usafiri na ushuru. Naona njia tatu. Ama nichukue mpya ya 2025, Callaway Elyte au TaylorMade Qi35. Ama nichukue mtumba wa miaka miwili mitatu nyuma, TaylorMade Stealth 2 au Titleist TSR2, ambao naukuta kwa karibu nusu ya hiyo hela. Ama nibaki na mzee wangu, hela iende kwenye gripu (raba za kushikia fimbo), wedji (fimbo za mipira ya karibu) na kocha.

Naombeni uzoefu wenu. Na tafadhali, asije mtu akaniambia "inategemea". Nawasilisha.

Pwani_Nyali

Inategemea. 😂

Samahani Mzee, nimeshindwa kujizuia. Sasa nisikilize, maana mimi nimeshalipia ujinga huu. Mwaka juzi nilikuwa Nairobi kwa shughuli za kazi, nikaingia dukani, wakanipa draiva mpya nikaijaribu nje kwenye mazoezi. Yadi 240, mara ya pili 238, mara ya tatu 241. Ya zamani nyumbani ilikuwa inanipa 225 siku nikiwa na nguvu. Nikalipa palepale, wala sikuuliza punguzo.

Jumapili ya kwanza kwetu Nyali, ufukweni Mombasa: 225. Nikadhani ni uchovu wa safari. Wiki ya pili: 226.

Jamaa mmoja baharia ndiye aliyenifumbua macho. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira haupati wa kuusukuma nyuma, unaenda mbali zaidi kwa kama asilimia 6. Asilimia 6 ya 225 ni yadi 13 na ushee. Yaani nilinunua mwinuko wa Nairobi nikidhani nimenunua draiva, na mwinuko haukuingia kwenye buti la gari.

FundiGripu

Pwani umenichekesha, lakini wateja wangu kumi wamefanya hivyo hivyo.

Mzee, mimi kazi yangu ni hizi fimbo, nazifungua na kuzifunga kila siku, kwa hiyo nikueleze kilichomo. Draiva ina dari. USGA na R&A wanaotunga sheria za gofu wameweka kikomo cha jinsi uso wa fimbo unavyoruhusiwa kuurusha mpira, na USGA walianza mwaka 1998. Siku hizi wanapima kwa muda ambao kigololi cha chuma kinabaki kimegusa uso: mikrosekunde 239, wanakuachia 18 za makosa ya kiwandani, jumla 257. Ukizidi hapo fimbo ni haramu. Ukubwa wa kichwa nao ulifungwa mwaka 2004, sentimita za ujazo 460. Kampuni zote kubwa ziligusa dari hiyo zamani. Kwa hiyo ukiupiga mpira katikati ya uso, draiva nzuri ya 2018 na ya 2025 zinakaribiana mno.

Wanachouza sasa ni huruma. Yaani ukigonga pembeni, kichwa kikatae kujipinda mkononi. Hilo lina kipimo chake, na sheria ilikifunga nacho mwaka 2006: gramu-sentimita za mraba 5,900 kwa kujipinda kulia na kushoto. Kampuni zikaja na hesabu ya kujumlisha na kule kwa juu na chini, ndiyo maana 2024 ukasikia TaylorMade wakiimba "elfu kumi" na Qi10 Max yao. Sasa shika kiti Mzee: hiyo G400 Max uliyonayo, Ping waliitangaza kwa zaidi ya 9,900 kwa hesabu hiyo hiyo. Mwaka 2018! Unataka kutoa dola 600 ufuate mia moja?

Nisiwe mwongo, kuna kilichosogea. Tangu Epic Flash ya 2019 Callaway wanatumia kompyuta kuuchonga uso, unene wake unapishana ili mpira uliogongwa chini au kwenye ncha ya kichwa usife sana. TaylorMade walianza kuupinda uso kidogo mwaka 2018 ili makosa ya ncha na kisigino yarudi kwenye mstari. Vinafanya kazi, sibishi. Anayetoka kwenye draiva ya 2005 ataona mwanga. Wewe hutoki huko.

BiMchanga

Kaka zangu mnazungumza kama gofu ni ya wanaume tu.

Mimi nacheza Arusha. Nilianza na seti ya kaka yangu, draiva ya nyuzi 9 (mwinamo wa uso wake) na shafti, yaani mpini, ngumu kama mti wa fagio. Miaka mitatu mpira wangu unaruka kama jiwe la kumfukuza mbwa. Nikaenda kupimwa, nikanunua mpya, ya mwaka huohuo, bei kamili. Kichwa nyuzi 12, shafti gramu 45. Yadi 30 zaidi, na sasa nafika kwenye feawei, ile njia ya nyasi fupi. Sijuti hata senti moja, na mkiniuliza nitarudia.

FundiGripu

Dada yangu, hongera kwa dhati. Lakini ulichonunua ni lofti (huo mwinamo wa uso) na shafti. Hivyo vyote ungevipata kwenye kichwa cha miaka mitano nyuma.

BiMchanga

Ningevipata wapi fundi? Anayepima ana sanduku la vichwa na shafti za mwaka huu tu, za nyuma hana. Mtumba unakuja kama ulivyo, mara nyingi umekatwa shafti kwa kimo cha mzungu wa futi sita. Mimi nina futi tano na inchi mbili. Huko kwenye mtumba fimbo za wanawake unazikuta mbili, na moja imepinda. Kwa hiyo hesabu yenu ni sahihi kwa mwanaume wa kimo cha kati mwenye nguvu za kati. Sisi wengine mpya ndiyo mlango uliokuwa wazi.

FundiGripu

Hapo umenishika. Nakubali.

Muscat_Mswahili

Salaam aleikum wanajukwaa. Mimi niko Muscat, nafuata mambo ya mtumba wa fimbo kama wengine wanavyofuata bei ya dhahabu.

Huu mtindo wa kutoa mapya kila kukicha uliwahi kuwaumiza wenyewe. Mkumbuke TaylorMade 2012 hadi 2014: R11S, RocketBallz, R1, RocketBallz Stage 2, SLDR, JetSpeed, zote ndani ya miaka miwili hivi. Mtu analipa bei kamili Februari, Agosti anakuta yake imeshushwa bei kwenye kapu la mlangoni. Watu wakajifunza kusubiri. Maduka yakajaa mizigo isiyotoka, na mwaka 2014 Dick's Sporting Goods kule Marekani waliwaachisha kazi mamia ya wataalamu wa gofu waliokuwa madukani mwao. Nike wakaacha kutengeneza fimbo 2016. Adidas wakaiuza TaylorMade 2017.

Wengine hawakukimbia hivyo. Titleist wanatoa draiva kila miaka miwili: TS 2018, TSi 2020, TSR 2022, GT 2024. Ping nao karibu hivyo hivyo. Kwa mnunuzi wa mtumba hili ni jambo kubwa, kwa sababu fimbo haizeeki haraka sokoni. Ya kampuni inayotoa kila Januari inashuka kama nyanya za jioni, ambayo kwangu mimi mnunuzi ni habari njema. Wiki ile mpya inatua ndiyo wiki ya kununua ya mwaka uliopita.

Onyo moja. Feki zipo na zinatengenezwa vizuri. Mimi niliagiza mtandaoni, muuzaji simtaji, picha safi, bei tamu. Ilipofika ikalia kama sufuria tupu, na kichwa kikachomoka shimo la saba kikaufuata mpira. Kilienda mbali kuliko mpira. Ukinunua mtumba, mpelekee mtu kama fundi hapo juu aipime uzito na aikague namba yake ya kiwandani kabla hujalipa. Bei ikiwa robo ya za wenzake, kimbia.

Handikapu_Nne

Mimi nacheza mashindano, yadi 4 ni kitu kwangu. Nabadilisha kila miaka mitatu. Kwa 19, hapana.

KediMstaafu

Heshima kwenu mabosi. Mimi nimebeba mifuko zaidi ya miaka ishirini, mabega yangu ni mashahidi. Kedi haangalii jina la fimbo, anaangalia mpira umeangukia wapi, kwa sababu yeye ndiye anayeutafuta.

Nilikuwa na bosi mmoja, mtu mwema sana, mlipaji mzuri. Mwaka mmoja alibadilisha draiva tatu. Mimi nilikuwa naenda msitu uleule, chini ya mti uleule, nikimtafutia mipira kwa chapa tatu tofauti. Na kulikuwa na mzee mwingine, pata yake (fimbo ya kuusukumia mpira shimoni) imefutika jina, gripu kaifunga utepe, anachukua hela za wote kila Jumamosi.

Bosi Bunju, hebu tuhesabu. Draiva unaigusa mara 14 kwa raundi, na kama una busara zipungue. Pata unaigusa mara 36 na zaidi. Katikati hapo kuna wedji. Nikiuchukua mfuko wa mgeni, cha kwanza napitisha kucha kwenye mifereji ya wedji zake. Nikikuta ni laini kama sarafu ya zamani najua leo mipira haitasimama kwenye grini (nyasi laini zenye shimo), itapita kama maji. Wedji inaisha. Mchanga unaila, kokoto zinaila. Hiyo ndiyo fimbo ya kununua mpya. Draiva haiishi.

Tiger Woods alishinda mataji makubwa 14 kati ya 15 na pata moja aliyoanza kuitumia 1999. Henrik Stenson alichukua The Open, taji kubwa la Uingereza, ya 2016 pale Troon akiwa bado na wudi 3 (fimbo ndefu inayofuata draiva) ya Callaway ya miaka mingi nyuma, Diablo Octane. Brooks Koepka alibaki na aironi 3 (fimbo ya kichwa cha chuma chembamba) ya Nike wakati Nike wenyewe wameshafunga duka. Hao wanapewa bure, bosi. Bure! Na bado wanakataa.

FundiGripu

Kedi kasema. Titleist wenyewe wanashauri wedji zao za Vokey zibadilishwe baada ya raundi kama 75. Ni muuzaji anasema hivyo, kwa hiyo punguza chumvi, lakini nikizitazama zinazokuja mezani kwangu hayuko mbali na ukweli.

Na kabla sijasahau, aironi. Mtu akikuambia aironi 7 mpya inapiga yadi 15 zaidi ya yako, muulize nyuzi. Miaka ya 1980 aironi 7 ilikuwa na nyuzi kama 35 au 36. Leo P790 ya TaylorMade ni 30.5, Stealth yao ya 2022 ilikuwa 28. Hiyo ni aironi 5 ya babu iliyoandikwa 7. Kweli wameshusha uzito chini ili mpira bado upae, ufundi upo, lakini wedji ya kwanza nayo imetoka nyuzi 48 ikawa 43, kwa hiyo unabaki na pengo kule chini na unalazimika kununua wedji nyingine ya kuliziba. Wanakuuzia urefu, halafu wanakuuzia kiraka.

Pwani_Nyali

"Wanakuuzia kiraka." Hii naichapa kwenye fulana.

MzeeWaBunju

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Nimefanya jaribio. Rafiki yangu ana Qi35, tukaenda mazoezini na ile mashine ya kupima, mipira kumi kila fimbo, tukabadilishana. Wastani wangu: G400 Max yadi 211, Qi35 yadi 214. Mipira yake mibaya ilikuwa afadhali kidogo kuliko mibaya yangu, hilo niliseme wazi. Na ni nzuri kushika, jamani. Ina mlio mtamu. BiMchanga naelewa unachosema kuhusu kutojuta.

Lakini jambo lililonishangaza ni jingine. Mpira wa sita draiva yangu iligeuka mkononi. Gripu. Kwa joto hili la Dar na jasho langu imekuwa kama kipande cha sabuni, na nimekuwa naibana kwa nguvu miaka yote hii bila kujua. Rafiki yangu kaishika mara moja akacheka.

Kwa hiyo: gripu zote 13 zibadilishwe (pata naiacha), wedji mpya ya nyuzi 56, na kocha masomo sita, manne kati ya hayo ya mapigo ya chini ya yadi 50. Nimepiga hesabu, haifiki dola 400. Zinazobaki mama watoto ameshazijua, kwa hiyo hazipo tena.

KediMstaafu

Bosi, hiyo 56 usiipeleke kwenye mazoezi ya changarawe. Iache kwa nyasi.

Pwani_Nyali

Swali moja tu Mzee. Hizo 211 na 214 mlizipimia Dar, au mlipanda Arusha kwanza?

MzeeWaBunju

Dar, mkuu. Na upepo wa bahari usoni.