Mafuta yakikamatwa, dereva naye aadhibiwe au timu tu? Interlagos 1995 bado inaniuma

Mkongwe wa Kijiweni:
Wakuu salaam. Juzi tumebishana mpaka kahawa ikapoa, nimeona niilete hapa. Machi 1995, mbio za magari za Formula 1 Brazili, pale Interlagos. Schumacher wa Benetton kamaliza wa kwanza, Coulthard wa Williams wa pili, wote wanatumia wese la kampuni ya Elf. Sampuli zikapimwa, zikaonekana hazifanani na ile iliyosajiliwa FIA, wasimamizi wa mbio za magari duniani. Wakafutwa wote wawili, ushindi akapewa Berger wa Ferrari. Wiki kadhaa mbele rufaa ikaamuliwa, madereva wakarudishiwa pointi, timu zikanyimwa za kwao na faini juu. Sasa hiyo ni haki? Gari moja, tanki moja, iweje dereva awe msafi na timu iwe chafu? Nyama ya wizi huwezi kusema mimi nilikunywa mchuzi tu.

Fundi Nozeli:
Mkuu hapo umepuyanga. Dereva anajuaje kilichomo kwenye tanki? Anavaa helmeti, anafungwa mikanda, anakanyaga. Afu watu wengi hamuelewi kinachopimwa. Hawatafuti tu "dawa". Wanapitisha sampuli kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayatenganisha mafuta kemikali moja moja na kutoa mchoro wa vilima vilima, hiyo ndo alama ya vidole ya mafuta yako. Wanaulinganisha na mchoro wa sampuli iliyosajiliwa, kilima kimoja kikizidi kisichotakiwa umekwenda na maji. Ni kama umeenda benki sahihi ikagoma, hela ni zako kabisa ila hutoki nazo. Elf ilikuwa hivyo, hata FIA walikubali hawakupata faida yoyote.

Binti Raskazone:
Kama dereva hahusiki mbona 1984 timu ya Tyrrell walifutiwa msimu mzima na madereva wao wakaenda nao? Walikutwa na vijipande vya madini ya risasi kwenye tanki la maji, na maji yenyewe yana chembe za mafuta. Dereva wao Brundle alikuwa wa pili Detroit, ikapotea hivi hivi, na mbio iliyofuata huko Dallas akavunjika miguu. Nani alimrudishia Brundle pointi zake? Tyrrell timu ndogo, Benetton na Williams wakubwa. Msinifanye niseme mengi.

Kaka Dodoma:
Na dereva Vettel je, Formula 1 Hungary 2021, kamaliza wa pili wakamfuta sababu ya mafuta haramu, na timu ilikuwa ya matajiri

Fundi Nozeli:
@Kaka Dodoma hakukutwa na mafuta haramu bwana. Sheria inataka lita moja itoke kwenye gari kwa ajili ya kupima, ikatoka lita 0.3 basi. Hawakuwa na cha kupima ndo maana wakamfuta. Someni kabla ya kutoa povu.

Mzee Mbishi:
Nachekaga sana. Watu wanaumizwa na wese la Brazili la 1995 wakati asubuhi hii hii wamejaziwa mafuta ya taa na wakasema asante na tip wakaacha. Na anayeongoza mjadala ni fundi, hao hao wa gereji ndo wanaonyonya tanki la mteja na kurudishia takataka.

Fundi Nozeli:
Mzee wangu nakuheshimu ila hapo umenikosea. Miaka 19 nafungua injekta, sijanyonya tanki la mtu. Wanaochakachua ni sheli. Mwaka jana kaniletea dada mmoja Noah inagonga kama mtu anapiga misumari, nikatoa kidogo kwenye chupa ya maji, nikadondoshea tone kwenye karatasi nyeupe na lingine la petroli yangu pembeni. Langu likakauka likapotea. Lake likaacha duara la mafuta kama karatasi ya chapati, na nikisugua vidoleni panateleza. Plagi zote nne nyeusi. Katoka kujaza sheli siku hiyo hiyo. Sasa gereji imeingiaje hapo?

Nipo Pampu Namba 3:
Sheli sheli sheli. Mimi nashika pampu, nalipwa kidogo, mafuta yanakuja na lori yashachakachuliwa njiani, mteja ananitukana mimi. Mafuta yanawekwa vinasaba, ile kemikali ya alama, tangu 2010, mkaguzi anakuja na kile kimashine anachukua sampuli, vinasaba vikiwa pungufu kituo kinafungiwa. Anayefungiwa mwenye kituo, lakini anayekosa kazi mimi. Dereva wa lori je?

Binti Raskazone:
@Pampu Namba 3 pole kaka, lakini si umeona mwenyewe? Wewe ndo Schumacher wa hapa 😂 hujui kilichomo, umeshika bomba tu.

Nipo Pampu Namba 3:
Schumacher alirudishiwa pointi dada. Mimi nilikaa nyumbani miezi miwili.

Mzee Mbishi:
Kwani si 2011 walipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei zikaribiane watu waache kuchanganya? Matokeo yake bibi kule kijijini koroboi ikamshinda. Anaadhibiwa bibi, mchakachuaji akatafuta kitu kingine cha kuchanganya.

Wa Naivasha:
Wasee kwani mko bado 1995? Huku Safari Rally hiyo story iliisha. Tangu 2022 gari za Rally1, zile za daraja la juu, zote zinatumia mafuta ya supplier mmoja, na hata haitoki kwa ardhi. Ukiwa na mtu mmoja anawauzia wote, nani atachanganya na achanganye nini?

Kaka Dodoma:
"Gari za Rally1 zinatumia mafuta, haitoki kwa ardhi" 😂😂 jirani, mafuta HAYA-toki ARDHINI. Kiswahili chenyewe mmekichakachua

Wa Naivasha:
Si umeelewa? Basi imefika. Nyinyi mna sarufi, sisi tuna rally ya dunia, kila mtu aende na yake.

Mkongwe wa Kijiweni:
Nimeuliza pointi za Schumacher naletewa sarufi na koroboi. Fundi, jibu hili tu. Kama mafuta hayakuongeza nguvu, timu ilinyimwa pointi kwa kosa gani?

Fundi Nozeli:
Kosa la sahihi kugoma, nishasema. Ukisema "hayakuongeza nguvu basi ruksa" kesho mtu analeta mchanganyiko wake kila wiki na wewe kazi yako kuthibitisha kwamba huo mchanganyiko umemsaidia. Huwezi. Ndo maana wanalinganisha na karatasi, hawabishani na injini. Ila dereva hakusajili hiyo karatasi, mwacheni.

Binti Raskazone:
Na Brundle?

Fundi Nozeli:
Brundle alionewa. Haya, hiyo nakupa.

Mzee Mbishi:
Fundi, tuache hasira. Hiyo Noah ilijazwa sheli ipi? Mie kesho alfajiri naelekea Morogoro na tanki liko robo.

Fundi Nozeli:
Siwezi kuitaja hapa mzee. Nakuja inbox. Ukipita mizani usijaze kabla hujasoma.