Bwawa la sato Kahe: nizuieje samaki wasitorokee Mto Rau?

Mkulima wa Kahe

Wakuu, habari za leo. Nina shamba Kahe, kule Moshi, linaloshuka taratibu kuelekea Mto Rau. Nataka kuchimba bwawa la mita 15 kwa 20, kina cha wastani mita 1, nipandikize sato (tilapia wa Mto Nile, ambaye si wa asili hapa) wa dume tupu. Maji yataingia kwa mfereji na kutoka kwa bomba la inchi 4 kuelekea mtoni. Kutoka ukingo wa mto hadi tuta la chini ni kama mita 35. Nasikia sato wakitoroka wanaharibu perege wa asili, lakini muuzaji wa vifaranga anasema dume tupu hawazaani, kwa hiyo hakuna shida. Ni kweli? Kama si kweli, nizibe wapi na kwa kitu gani?

Perege Asilia

Mkuu, anza na hizo mita 35. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mto ndani ya mita 60. Sogeza bwawa juu kabla hujamlipa mchimbaji. Maji ya mfereji nayo yanahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na mbegu ya samaki zungumza kwanza na afisa uvuvi wa halmashauri.

Sasa hilo la dume tupu. Vifaranga hulishwa chakula chenye homoni ya kiume, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28 tangu waanze kula. Kazi ikienda vizuri unapata madume asilimia 95 hadi 99. Kwa mita za mraba 300, ukiweka samaki 3 kila mita, una samaki 900. Hata madume wakifika asilimia 98, majike 18 wamo, na jike la sato bwawani huanza kutaga likiwa na gramu chache tu, hata 50. Hubeba mayai na watoto mdomoni, kwa hiyo jike moja likipita limepita na mamia.

Tena hata madume watupu wasingekuwa salama. Dume la sato likifika mtoni linazaana na majike ya perege wa asili, na chotara wanaozaliwa nao wanazaa. Kizazi baada ya kizazi damu ya wenyeji inayeyuka, na hakuna wavu wa kuwatenganisha tena.

Wanaopotea hapa hawapo kwingine. Perege wa Jipe, Oreochromis jipe, ni wa bonde la Pangani peke yake. Perege wa Chala, Oreochromis hunteri, ni wa ziwa lile moja la volkeno kule Rombo, na ndiye aliyetumika mwaka 1889 kuielezea jenasi nzima (kundi la spishi za karibu) ya Oreochromis, ambayo sato naye yumo. Wote wawili IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, imewaweka daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Fundi Tuta

Niongeze upande wa ujenzi. Samaki hutoroka kwa njia tatu, na ya bomba ndiyo rahisi kuizuia.

Kifaranga anayeachwa na mama yake ana urefu wa milimita 8 hadi 10, kwa hiyo tundu la wavu lisizidi milimita 1. Tumia wavu wa chuma kisichoshika kutu. Chandarua kinachanika na kuziba haraka. Kosa la kawaida ni kufunga wavu mdomoni mwa bomba: majani yanaziba kwa usiku mmoja, maji yanapanda, yanapita juu ya tuta, na samaki wote wanaondoka. Jenga kisanduku cha tofali mita 1 kwa 1 mbele ya bomba, weka wavu mpana ulioegemea, kisha kokoto nyuma yake. Kisafishe kila siku wakati wa masika.

Njia ya pili ni mafuriko, na ndiyo inayoniogopesha zaidi, maana mvua kubwa za siku chache sasa zinakuja kwa nguvu. Acha sentimita 50 kati ya maji na juu ya tuta, chimba mtaro wa kukinga maji ya mlimani upande wa juu, na mfereji uwe na koki au mlango unaoufunga mvua ikianza.

Ya tatu ni siku ya kuvua. Ukifungulia bomba unasukuma mita za ujazo 300 za maji yenye vifaranga. Usiyaelekeze mtoni kabisa. Yamwage shambani: nusu eka ya migomba, kama mita za mraba 2,000, itapokea kina cha sentimita 15. Gawa kwa siku tatu. Madimbwi yanayobaki yawekee chokaa isiyozimwa gramu 200 kwa mita ya mraba, kisha acha bwawa likauke kwa wiki mbili. Chokaa ya kilimo haiui samaki. Vaa glavu na miwani.

Mwana Nyumba ya Mungu

Lakini sato na wageni wengine wako bwawa la Nyumba ya Mungu miaka mingi, na maji ya Rau yanaishia huko. Mmoja wa Kahe atabadilisha nini?

Perege Asilia

Atabadilisha mengi, maana uchotara hausambai sawasawa. Vijito na chemchemi za juu, zenye maporomoko au vizuizi chini yake, bado zinaweza kuwa na perege safi. Mgeni akiachiwa juu ya kizuizi ameshapelekwa mahali ambapo asingefika mwenyewe. Kadiri joto linavyoongezeka, maji ya miinuko yaliyokuwa baridi mno kwa sato kuzaliana yanaanza kumfaa. Anataka nyuzi 22 hivi ili atage.

Kwa macho, sato ana mistari ya wima iliyopangika mkiani kote. Usiitegemee kwa chotara, maana wengine hawaonyeshi.

Mkulima wa Kahe

Asante sana. Shamba upande wa juu halifiki mita 60. Kambale je?

Perege Asilia

Kambale ni wa bonde hili, hazaani na perege. Ila sharti la mita 60 halibadiliki. Na kambale hutambaa nje usiku wa mvua: zungushia wavu wa nusu mita, uzike chini sentimita 20. Tafuta eneo juu kwanza.