Anayetutengenezea kodi hapa Minnesota ametuharibia IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) na jimbo, sasa simu hapokei

Wakuu, nina hasira na sitaki mtu aniambie nitulie.

Kuna Mtanzania mwenzetu hapa Minnesota. Kila Januari anajaza tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba yeye ndiye anayerudisha hela nyingi kuliko wote. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, sijaoa, sina mtoto, naishi peke yangu. Kwa mwaka 2024 nilikuwa na W-2 mbili (fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi iliyokatwa), nikampa zote pamoja na hela yake taslimu.

Akanijaza kama mkuu wa kaya, yaani asiye na ndoa anayelea mtoto au tegemezi! Akaweka na jina la mtoto ambaye sijawahi hata kumsikia. Kwa mwaka ule, mtu asiye na ndoa anasamehewa dola 14,600 za kipato kabla ya kodi, mkuu wa kaya 21,900. Kwa hiyo kaniombea dola 7,300 za msamaha nisizostahili, kwa jina langu na namba yangu ya soshal. W-2 ya pili hakuigusa kabisa.

Nimeyajua haya nilipovuta nakala kwa ajili ya mkopo wa nyumba. Chini ya ukurasa wa pili wa 1040 (fomu ya kodi ya mwaka ya IRS) kuna sehemu ya mtu aliyelipwa kuandaa: anatakiwa asaini na aweke PTIN, namba yake ya uandaaji kodi kutoka IRS. Kwangu ni tupu. Yaani mbele ya IRS nimejaza mwenyewe, yeye hayupo duniani.

Nikambana. Akanitumia voice: "Usiwe na presha kaka, natuma 1040-X, jimbo litajirekebisha lenyewe." (1040-X ndiyo fomu ya kurekebisha 1040.)

UONGO MTUPU. Hicho ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu, maana najua kawaambia na wengine. Jimbo halijirekebishi. Ukibadilisha ya IRS na mabadiliko yakagusa kodi ya Minnesota, unatakiwa utume M1X (fomu ya kurekebisha kodi ya Minnesota) ndani ya siku 180. IRS na majimbo wanapeana taarifa, kwa hiyo ukikaa kimya barua itakufuata, na faini juu. Mliofanya kazi majimbo mawili mwaka mmoja, kila jimbo linalotoza kodi ya mshahara lina utaratibu wake (Texas na Florida hawatozi).

1040-X nimetuma kupitia mtu mwingine, kwa mtandao, na deni nimelipa hapo hapo bila kusubiri. IRS wanasema wiki 8 hadi 12, wakati mwingine 16. Riba haisubiri wamalize, inahesabiwa tangu 15 Aprili 2025. Nani atanilipa hiyo? Mshahara wa zamu za usiku unaishia kulipia ujanja wa mtu aliyekaa sebuleni kwake na laptop!

Mliotengenezewa naye, ingieni kwenye akaunti zenu za IRS leo. Angalieni hali ya ndoa, majina ya watoto, biashara msizonazo. Na kama kuna hela yako aliiacha, una miaka mitatu tangu ulipowasilisha kuidai, ikipita imekwenda.

Na wewe mwenyewe, najua unasoma humu. Nataka W-2 zangu na nakala ya kila ulichotuma kwa jina langu. Fomu 14157 ya kukushtaki IRS nimeshaituma, na 14157-A, ya kiapo cha udanganyifu wa mwandaaji, nimeambatanisha. Voice yako ninayo.