Mtoto ana maswali mengi, hesabu zinamkataa

Mama Kibirizi: Wadau, habari za jioni. Mwanangu yuko kidato cha pili. Akitoka shule anashinda mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, akiwauliza wavuvi kwa nini mbalamwezi ikiwaka dagaa wanaadimika. Anataka kusomea samaki. Ila hesabu kapata 31, sasa anasema bora aachane na sayansi. Nimwambieje?

Mzee wa Mwalo: Dada, usimwambie kitu, mpe daftari. Sisi tukiwasha taa, vijidudu vya majini vinafuata mwanga, dagaa wanavifuata, nasi tunashusha wavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa zetu hazina kazi, tunashona nyavu tu. Sasa aandike kila asubuhi: mwezi ukoje, upepo wa wapi, mtumbwi umeleta ndoo ngapi. Akitaka kujua usiku upi una neema, atatafuta wastani mwenyewe bila kuchapwa. Na aje alfajiri, siyo wakati tunagombania bei, mtu atamtukana bure.

Ticha Mstaafu: Naunga mkono. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika msitu wa Gombe, hapo kaskazini yenu Kigoma, mwaka 1960 bila shahada yoyote. Miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia. Mwaka huohuo akamwona mmoja akivua mchwa kwa unyasi. Shahada ya udaktari (PhD) ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuja 1966. Lakini hesabu asiziache! 31 inapandishika.

Mama Kibirizi: Asanteni. Daftari kalipata. Mzee, anauliza ndoo yenu ni ya lita ngapi, na kama wote mnatumia ya aina moja.