Tupeane uzoefu: Ulimsomaje mpinzani kabla ya mechi ya mtoano ya kikapu chuoni?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa waliocheza kikapu chuoni, waliofundisha, waliokaa benchi na daftari, na sisi tunaokesha kila Machi kufuatilia NCAA, mashindano ya kikapu ya vyuo vya Marekani. Nataka tuongelee kumsoma mpinzani kabla ya mechi ya mtoano. Kule zinaingia timu 68, na ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Ratiba inatoka Jumapili, timu nyingi zinaanza Alhamisi au Ijumaa, na ukishinda unapata siku moja tu kabla ya mechi inayofuata. Muda wa kumjua mtu ni mdogo mno.

Naanza na mfano wa mtu wetu, ingawa ile ilikuwa mechi ya msimu, si ya mtoano. Hasheem Thabeet akichezea chuo cha Connecticut, mita 2.21, kila timu ilikuwa ikiogopa kuingia chini ya kikapu. Februari 2009 chuo cha Pittsburgh wakamfuata hukohuko. Mchezaji wao DeJuan Blair alikuwa mfupi kwake kwa sentimita kama 20, lakini hakushindana naye kuruka. Alimwekea mwili mapema, mpira ukiwa bado hewani, akamtoa kwenye nafasi. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa. Thabeet pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh wakashinda 76–68 dhidi ya timu iliyokuwa namba moja nchini. Iliniuma kama Mtanzania, ila tangu siku ile nikimtazama mchezaji mrefu naanza na miguu yake: anasimama wapi, na anasogea akisukumwa?

Karibuni.

Mdau wa pili

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nilisoma Marekani, na chuoni kwetu nilikuwa miongoni mwa wanaume wanaofanya mazoezi na timu ya wanawake. Kazi yetu ilikuwa kuwa mpinzani. Kocha msaidizi ananipa kizibao chenye namba ya mchezaji wa timu tunayokwenda kukutana nayo, ananionyesha vipande vya video, halafu ananiambia: leo wewe huendi kulia kabisa. Dunda mara mbili kushoto, simama, rusha. Nikisahau nikaenda kulia anapuliza filimbi, tunarudia.

Kilichonishangaza zaidi ni majina. Tulikuwa tunapaza sauti kuita michezo ya wapinzani kwa majina yaleyale wanayotumia wao, na ishara zao za mikono juu. Siku ya mechi, mchezesha timu wao akiinua ngumi, dada zetu walishajipanga kabla hajaushusha mkono. Karatasi waliyopewa wachezaji ilikuwa na mambo matatu tu. Kocha alikuwa na kurasa nyingi, lakini hizo alibaki nazo mwenyewe.

Mdau wa tatu

Huko kwenye video mmebarikiwa. Sisi kwenye mashindano ya vyuo hapa nyumbani hakuna aliyetuletea mkanda wa mtu. Faida yetu ni kwamba timu zote zinakuwa kituo kimoja, kwa hiyo asubuhi unakwenda kumtazama utakayekutana naye kesho.

Nilikuwa nachora nusu uwanja kwenye daftari, kila mtupo naweka alama: duara ukiingia, msalaba ukikosa, na namba ya jezi pembeni. Mwaka mmoja tulikuwa tunamwogopa mfungaji wao mmoja kupita kiasi. Daftari likaonyesha karibu duara zake zote ziko kona ya kulia, na kila mara senta wao, yule mrefu wa chini ya kikapu, alikuwa amemzibia njia beki anayemkaba. Basi tatizo halikuwa yeye, lilikuwa ile kona. Kesho yake beki wetu alikuwa anawahi kufika pale kabla yake, na yule dada alipata shida mno kufunga. Tulifungwa hata hivyo, kwa ribaundi. Senta wao aliokota kila kilichogonga ringi.

Na msipuuze wakati wa kupasha mwili. Anayeburuta kifundo, anayekosa mitupo huru bila hata kukabwa, wote wanaonekana pale.

Mdau wa nne

Kwangu somo kubwa ni mechi ya NCAA ya vyuo vya Fairleigh Dickinson (FDU) na Purdue, Machi 2023. FDU ndiyo ilikuwa timu yenye wachezaji wafupi kuliko zote za ligi ya juu ya vyuo, wanakutana na Zach Edey wa mita 2.24. Baada ya kushinda mechi ya awali kule Dayton, kocha wa FDU, Tobin Anderson, aliwaambia vijana wake chumbani kwamba kadiri anavyowatazama Purdue ndivyo anavyozidi kuamini wanafungika. Wengi walimwona ana kiburi. Mimi nilimwona mtu aliyetazama video vizuri.

Walimweka mtu mbele ya Edey na mwingine nyuma, wakawaachia wengine warushe kwa mbali. Purdue wakaingiza mitupo 5 tu kati ya 26 ya pointi tatu. Edey alipata pointi zake 21, lakini FDU wakashinda 63–58. Kwa wanaume ilikuwa mara ya pili tu katika historia timu iliyopangwa ya 16, yaani ya mwisho katika kundi lake la ratiba, kumtoa aliyepangwa wa 1. Unachagua nani akufunge, na lazima uwe na moyo wa kumwacha kweli.

Mwanzisha uzi

Mdau wa tatu, hilo la kuweka namba ya jezi pembeni ya kila mtupo nalichukua. Mdau wa pili, swali: mambo matatu kwenye karatasi, je, yalikuwa sawa kwa timu nzima au kila mchezaji alipewa ya kwake? Na aliyewahi kusoma timu inayobadilisha ulinzi katikati ya robo, mara zoni (kila mtu analinda eneo), mara mtu-kwa-mtu (kila mtu anamkaba wake), tafadhali atueleze alikuwa anaangalia nini ili kujua wamebadilisha.